Siku daftari la madeni lilipopanda ukutani

Mwenyekiti alikuwa wa tatu kutoka juu. Shilingi 14,500. Jina lake, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa kalamu nyekundu, lilikuwa refu kama ubao wa duka pale ukutani, na pembeni yake maneno haya: "kopi na laminesheni, atalipa korosho zikitoka." Ukumbi ulikuwa umejaa wanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Kwanza kimya. Kisha mtu wa nyuma akaanza kuyasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, kama anaita mahudhurio.

Hiyo ndiyo siku niliyoamua kujifunza kompyuta yangu upya.

Nina steshenari Mikindani, kando ya barabara ya kwenda Lindi, mlango unatazama maji. Kazi ni zile zile za kila steshenari: kopi, kuchapa barua, picha za paspoti, maombi ya ajira, maombi ya mkopo wa chuo. Msimu wa korosho ukikaribia inaanza foleni ya wazee wenye vitambulisho vya NIDA na kadi za benki, "mbili mbili mama, na moja ya akiba". Kompyuta ya mezani ni moja, Windows 10. Ninayo na laptopu ndogo ya kutembea nayo, pamoja na projekta ya mtumba ambayo huikodisha kwenye mikutano na sherehe. Anayeikodi ananikodi na mimi, maana sitaki mtu mwingine aiguse.

Kuhusu daftari. Huku kwetu kusini, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tisa kila mtu ni tajiri wa kesho. Salfa imepulizwa, mikorosho imetoa maua, hela iko juu ya mti. Minada ikishaanza mwezi wa kumi na fedha zikaingia kwenye akaunti za wakulima, ndipo tunalipana. Deni langu kongwe kuliko yote ni la msimu wa 2018, ule ambao Rais Magufuli alitangaza serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mwenye deni alisema nimsubiri alipwe. Alishalipwa. Mimi bado namsubiri.

Tatizo kubwa ni kijana wangu wa dukani. Ana moyo wa huruma sana, na huruma yake ni kwa karatasi zangu. Mtu ana deni la elfu tisa, akija mimi sipo, kijana anamtolea kopi nyingine ishirini. Namuuliza, ananijibu hakuona daftari. Basi nikalipiga picha daftari, ukurasa wa wadaiwa sugu, nikaiweka iwe picha ya deskitopu, kwenye kompyuta ya mezani na kwenye laptopu. Nikamwambia: sasa kila ukiwasha mashine, utaliona. Nilijiona nina akili.

Mpaka nilipochomeka waya wa projekta.

Niliyoyafanya baada ya hapo ni aibu, lakini nayaeleza kwa sababu ndiyo yanayofundisha. Nilibofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha, nikachagua Personalize. Dirisha likafunguka ukutani pale pale. Sasa anayeijua Windows 10 anajua ukurasa ule unakuja na nini: juu kabisa una sampuli ya deskitopu yako ilivyo, na chini vijipicha vya picha ulizowahi kutumia. Kwa hiyo madeni yalikuwa ukutani mara tatu. Mikono ikaanza kutetemeka, mausi haishikiki. Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa mstari wa mbele. Alisimama, akavua mtandio wake, akautupia juu ya projekta.

"Endelea mama," akasema. "Tushasoma."

Mwenyekiti akauliza kama mkutano ni wa korosho au ni wa steshenari. Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje. Jioni ile wanne walipita dukani kulipa bila kudaiwa, hilo silifichi. Mwenyekiti hakupita. Kazi za chama zikahamia kwa mwingine, miezi mingi.

Nilichopaswa kufanya siku ile ni kubonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi P. Upande wa kulia wa kioo inatokea orodha fupi yenye mambo manne: kuonyesha kwenye kompyuta peke yake, kuonyesha sawasawa pande zote mbili, kutandaza kioo kimoja hadi kingine, au kuonyesha kwenye projekta tu. Ukichagua la kwanza, PC screen only, ukuta unakuwa mtupu na wewe unafanya aibu zako ukiwa peke yako. Sekunde mbili. Tangu siku hiyo sichomeki waya kabla ya kubonyeza P kwanza.

Ila P inatatua la projekta tu. Dukani shida yangu ni ya kila saa, na ilinichukua muda kuitambua kwamba ni shida. Kioo cha kompyuta yangu kinatazamwa na watu wengi wenye macho tofauti. Asubuhi jua linapanda kutoka majini na kuingia moja kwa moja mlangoni. Kioo kinakuwa kama bati. Mchana wanakuja wanafunzi, wao wanataka kila kitu kidogo ili waone kurasa mbili kwa mpigo. Alasiri anakuja Mwalimu.

Mwalimu ni mstaafu, anachapa mwenyewe kumbukumbu zake, saa moja kila siku, kidole kimoja kimoja. Miwani hataki. Nilishamwambia mara moja tu.

"Shikamoo Mwalimu. Na miwani je, hukuja nayo?"

"Marahaba mwanangu. Miwani ya nini? Kuza herufi."

Basi namkuzia. Kukuza maana yake ni kutafuta palipo wazi kwenye deskitopu nibofye kitufe cha kulia, na deskitopu yangu haina palipo wazi: imejaa barua za watu, picha za paspoti, faili linaloitwa "CV mpya mpya kweli", lingine "CV mpya mpya kweli 2". Na kabla ya hapo inabidi nishushe madirisha yote yaliyofunguliwa. Nikishampatia Mwalimu ukubwa wake, anaingia mwanafunzi, natakiwa kurudisha. Siku moja nilihesabu: mara kumi na moja mpaka kufunga duka.

Dawa yake ni njia za mkato. Wengi tunazijua njia za mkato za kufungulia programu, ile aikoni ya Word yenye kishale kidogo pembeni. Kumbe unaweza kutengeneza njia ya mkato inayokwenda mpaka ndani ya ukurasa mmoja wa mipangilio, bila kupita sebuleni. Karibu kila ukurasa wa mipangilio ya Windows 10 na 11 una anwani yake. Wa kioo anwani yake ni hii:

ms-settings:display

Tafuta nafasi wazi kwenye deskitopu (mimi nilihamisha CV kwanza), bofya kitufe cha kulia, nenda New, kisha Shortcut. Kinatokea kisanduku kinachokuuliza kitu kiko wapi. Andika hayo maneno kama yalivyo, bila nafasi popote, na usisahau nukta mbili. Kijana wangu alizisahau, Windows ikamjibu kwamba haikioni kitu hicho, akaja kuniambia kompyuta imeharibika. Bonyeza Next, kipe jina, bonyeza Finish. Jina weka la kwako. Langu linaitwa Kioo. Ukilibofya mara mbili unatua kwenye ukurasa wenye ukubwa wa maandishi na vitu, wenye wingi wa nukta za kioo (resolution), wenye mwelekeo wa kioo, vyote pamoja.

Ya pili ni ya picha ya deskitopu, ile iliyonitoa jasho:

ms-settings:personalization-background

Hii nimeiita Ukuta. Ya tatu ni Herufi, anwani yake ms-settings:easeofaccess-display. Hapo kuna mstari wa kuvuta unaokuza maandishi ya Windows yenyewe, majina ya faili na menyu, kutoka asilimia 100 hadi 225, bila kukuza picha na madirisha. Mwalimu haikumsaidia sana, maana yeye anachotaka kikue ni ukurasa anaouandika. Huo unakuzwa ndani ya Word kwa kushika Ctrl huku unazungusha gurudumu la mausi. Lakini bila Herufi alikuwa hawezi kuliona jina la faili lake kati ya zile CV. Sasa analiona. Ya nne, ms-settings:nightlight, inafungua ule mwanga wa manjano wa jioni. Naitumia nikibaki usiku kufunga hesabu, basi.

Kama unataka kuibandika njia hiyo chini kabisa kwenye upau, pale zilipo programu zako za kila siku, anza na neno explorer, acha nafasi, halafu ndiyo uweke anwani: explorer ms-settings:display. Ukitumia ile fupi, upau unaweza kuikataa.

Raha yenyewe, lakini, iko kwenye vitufe. Bofya kitufe cha kulia juu ya hiyo aikoni uliyoitengeneza, chagua Properties. Kuna mstari umeandikwa Shortcut key, nao unasema None. Weka mausi hapo, bonyeza K. Windows yenyewe inajaza Ctrl na Alt mbele yake. Bonyeza OK. Kuanzia hapo, hata kama una madirisha saba wazi, ukibonyeza Ctrl, Alt na K kwa pamoja, ukurasa wa kioo unakuja juu. Mimi nina K ya Kioo, U ya Ukuta, H ya Herufi. P usiiguse: Word inatumia Ctrl, Alt na P kukurudisha kwenye mwonekano wa kurasa za kuchapa, na njia yako ya mkato itamnyang'anya. Kwenye steshenari kumnyang'anya Word kitu cha kuchapa ni ugomvi.

Kwenye Properties hapo hapo kuna Change Icon. Mimi ni mtu wa kupoteza muda, nikakaa nusu saa nachagua. Ukiandika %SystemRoot%\System32\imageres.dll kwenye kisanduku chake unapata picha nyingi kuliko zile za mwanzo, zikiwemo za vioo vya kompyuta. Kijana alitaka Ukuta iwe na picha ya kufuli. Nikamwambia siyo kufuli, ni aibu, na hawakuchora ya aibu.

Kuna siku vitufe vyote viliacha kufanya kazi nikalaumu umeme, maana ulikuwa umekatika usiku. Kumbe nilikuwa nimefanya usafi. Nilizikusanya njia zangu zote nne nikaziweka kwenye folda moja safi iitwayo Mambo Yangu. Vitufe hivyo havifanyi kazi aikoni ikiwa ndani ya folda ya kawaida. Lazima ikae juu ya deskitopu yenyewe au kwenye menyu ya Start. Nikazirudisha nje, vikafufuka. Usafi una gharama.

Sasa kisa cha kioo kupinduka. Kuna vijana wawili wa kidato cha tatu walikuja kuchapa kazi ya jiografia. Nimekwenda kuchukua chenji duka la jirani, narudi nakuta kioo kiko miguu juu, kichwa chini. Wenyewe wamekaa kimya kama hawapo. Kompyuta yangu ina grafiki za Intel, na matoleo yake ya zamani yana mtego: ukishika Ctrl na Alt kisha ukabonyeza mshale wa chini, kioo kinapinduka. Nadhani walikuwa wanazijaribu njia zangu za mkato, wakateleza. Uzuri wake, dawa ilikuwa jirani na ugonjwa. Ctrl, Alt, K. Ukurasa ukaja, umepinduka nao. Nikatafuta mwelekeo, nikarudisha Landscape. Usijaribu kufanya hivyo kwa mausi ukiwa na haraka, kwa sababu nayo inatembea kinyume: ukiivuta kulia inakwenda kushoto. Mmoja wao akainamisha kichwa mpaka shingo ikawa mezani ili anielekeze. "Juu dada, juu. Hapana, juu ya chini." Baadaye nikagundua kwamba Ctrl, Alt na mshale wa juu vingemaliza kazi kwa mara moja. Sikuwaambia.

Na ukibadilisha wingi wa nukta za kioo kisha kikawa cheusi au kikachanganyikiwa, usishike kitu. Windows inakupa sekunde 15 za kukubali. Usipojibu, inajirudishia yenyewe. Projekta yangu ya mtumba imeshanifanyia hivyo mara nyingi. Nakunja mikono, nahesabu.

Rafiki yangu mwenye duka kama langu Lindi mjini aliniandikia kwamba anwani zangu kwake hazifanyi kitu. Yeye bado yuko na Windows 7, ile ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Kule hakuna kitu kinachoitwa ms-settings. Nikamwambia aandike desk.cpl kwenye kile kisanduku cha njia ya mkato, akafika. Hiyo desk.cpl ni ya zamani, na mpaka leo kwenye Windows 10 ukiiita inaitika, inakupeleka kwenye ukurasa mpya wa kioo. Lakini na mimi nisijione. Hata Windows 10 yangu iliachwa Oktoba 2025, na kompyuta hii ya mezani Windows 11 haiitaki. Ndiyo maana kuna mtungi mdogo juu ya kabati ninaoweka hela ya mashine mpya, na ndiyo maana yale madeni yana maana.

Picha ya daftari niliitoa. Sasa deskitopu za mashine zote mbili zina picha ya ghuba niliyopiga nimesimama mlangoni, maji yamekupwa, mitumbwi imelala ubavu. Daftari limerudi kuwa daftari. Kwenye mikutano nina utaratibu: nabonyeza dirisha na P, naacha kompyuta peke yake, Ctrl, Alt, U, nahakikisha ni ghuba, halafu kitufe cha kulia, View, naondoa alama kwenye Show desktop icons, na CV zote mpya mpya kweli zinafichika. Hilo la kuficha nalifanya mwisho, kwa sababu na njia zangu zinafichika nazo. Ndipo nachomeka waya.

Juma lililopita, alasiri, Mwalimu yuko kwenye kompyuta, kivuli kikaingia mlangoni. Mwenyekiti. Ana flashi mkononi na bahasha kwapani. Nikamwamkia, akaitika marahaba kama mtu aliyepita jana. Akasema wana mkutano mwezi ujao, wa maandalizi ya msimu, projekta itahitajika. Kabla sijajibu akazunguka kaunta, akainama nyuma ya bega la Mwalimu kuangalia kioo. Nikaweka mkono kwenye kibodi, nikabonyeza dirisha na D, madirisha yote yakashuka, ikabaki ghuba na mitumbwi yake. Mwalimu akapiga kelele, sentensi yake ilikuwa katikati.

"Lile daftari," mwenyekiti akasema, "umelipeleka wapi?"

"Liko kwenye droo, mzee."

"Na mimi bado nimo?"

"Umo. Elfu kumi na nne na mia tano."

Alikaa kimya, anaitazama ile mitumbwi. Kisha akatoa karatasi kwenye bahasha, agenda ya mkutano, kurasa mbili.

"Nitolee kopi arobaini," akasema. "Uziandike humo humo."